Kuposa Paleti

Umeiona picha. Sebule ya watu fulani, ukuta mmoja umevikwa mbao za paleti, moja rangi ya asali, nyingine ya kijivu kama mgongo wa punda, na mbele yake kochi jeupe na taa ya njano. Moyo umeshakwenda. Sasa hivi unataka kuvuka barabara hadi kwenye lile ghala la jirani, uchukue paleti nne zilizolala nje, na Jumapili jioni uwe umeshaalika wageni waje kuona.

Ngoja, ndugu yangu. Mtoto wa watu hachukuliwi hivyo. Kwetu anayependa huuliza kwanza, hutuma mshenga, hupeleka barua, hutoa kishika uchumba, na ukoo wa mchumba huchunguzwa hadi kwa babu kabla ngoma haijalia. Paleti nayo inakuja kukaa nyumbani kwako. Mtoto ataiegemea akitazama katuni, mama mkwe atapitisha kidole kuangalia vumbi, na ikishapigwa ukutani haitoki bila kuacha matundu. Basi iposwe kwa heshima zote. Nitakuongoza hatua kwa hatua, na njiani nitakutania, maana nimeingia nyumba nyingi hapa Dar es Salaam nikakuta kuta za paleti zilizofanywa kwa pupa: zimebinuka, zinanuka, zinamwaga unga wa bungua juu ya kochi. Zinanitia uchungu. Mbao zile zile, zikitendewa haki, zingedumu mpaka mtoto wa nyumba ile aoe.

Anza na ukoo. Paleti ni kiumbe wa safari. Ilienea duniani pamoja na foklifti wakati wa Vita Kuu ya Pili, na tangu hapo imebeba kila kitu ambacho binadamu amekitengeneza na kukiuza: vigae, friji, karatasi, maziwa ya unga, lakini pia mbolea, viuatilifu, betri na mapipa ya kemikali. Haichagui mzigo. Paleti iliyolala nje ya ghala la Chang'ombe au kandokando ya Barabara ya Nyerere inaweza kuwa imeshafika Mumbai, Guangzhou na Durban kabla hujaitia machoni, na mate yanakutoka kwa sababu ya rangi yake ya kijivu tu. Hiyo rangi ni jua na mvua. Waliolala juu yake ndio wa kuulizwa.

Igeuze. Kwenye mguu wake, yaani yale magogo mafupi ya pembeni au ile mbao nene iliyosimama ubavu, tafuta mhuri uliochomwa kwa moto au kupigwa kwa wino. Upande mmoja utaona suke la ngano na herufi IPPC. Upande wa pili zipo herufi mbili za nchi: TZ ni kwetu, KE ni Kenya, CN ni China, IN ni India, ZA ni Afrika Kusini. Inafuata namba ya kiwanda kilichoitibu mbao, halafu herufi mbili ambazo ndizo ulizozifuata.

Ukiona HT, pumua. Maana yake mbao ilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi na kukaa hapo dakika 30 mfululizo. DH ni joto pia, ila la mawimbi, kama lile la maikrowevu: nyuzi 60 kwa dakika 1. Hao wawili wameoga maji ya moto tu. MB ni habari nyingine. Hiyo imefukizwa kwa methili bromaidi, gesi inayoua wadudu, inayodhuru watu, na inayotoboa tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal iliiondoa katika matumizi mengi, nchi zilizoendelea mwaka 2005 na zinazoendelea mwaka 2015, lakini ikaacha mlango mmoja wazi kwa ajili ya kufukizia mizigo inayovuka mipaka. Ndiyo maana bado utakutana na herufi hizo. Muuzaji atakuambia gesi imeshapuruka siku nyingi, na huenda anasema kweli. Mimi paleti ya MB siiingizi chumbani, na sioni kwa nini wewe uiingize wakati za HT zimejaa tele mjini.

Mhuri huo haukuletwa na watu wanaopenda makaratasi. Uliletwa na mashemeji wabaya. Mwaka 1996 huko Brooklyn, New York, watu waligundua miti ya mitaani imetobolewa matundu ya duara kama yaliyochimbwa kwa drili. Ndani alikuwamo mdudu wa vipapasio virefu kutoka Asia, aliyesafiri akiwa amejificha ndani ya mbao za kufungia mizigo. Maelfu ya miti ilikatwa. Dunia ikakaa kikao, na mwaka 2002, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea, ikapitishwa kanuni iitwayo ISPM 15: mbao ya kufungashia isivuke mpaka kabla haijatibiwa na kupigwa mhuri. Kwa hiyo unapoupuuza mhuri kwa sababu unaharibu urembo wa ukuta wako, unapuuza cheti ambacho misitu mizima imekilipia.

Je, isiyo na mhuri? Paleti iliyotengenezwa kwa kazi ya ndani ya nchi hailazimiki kuwa nao, na nyingi zinazopigwa hapa hapa kwa mbao za paini kutoka Iringa ni safi kabisa. Lakini hapo cheti hakipo, kwa hiyo mtu lazima awepo. Mtafute anayejua ilitengenezwa wapi na ilibeba nini. Akikujibu, "Aah, bosi, hii ilikuwa na vitu vya kawaida tu," shukuru, msalimie, ondoka.

Nitakuambia kwa nini nashikilia neno hili. Ukuta wa kwanza wa paleti nilioupiga ulikuwa wa chumba cha mpwa wangu, Tabata. Mbao tulizipata kwenye ghala moja, zimekauka vizuri, hazina doa la kutisha, nasi hatukuuliza. Ukuta ulipendeza. Yakaja masika. Siku ya tatu ya mvua, hewa ikiwa nzito, harufu ikaamka kutoka kwenye mbao kama mtu aliyekuwa amelala. Dada yangu akanipigia simu saa nne usiku. "Kaka, mtoto anakohoa, na huu ukuta unanuka kama duka la pembejeo." Tuliubomoa usiku ule ule kwa mikono yetu, mtoto akiwa amehamishiwa sebuleni. Kesho yake nilirudi ghalani, safari hii nikauliza, na mlinzi akanijibu bila kuficha kwamba zile paleti zilikuwa za mifuko ya viuatilifu. Alikuwa tayari kuniambia tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Basi mtume mshenga. Mshenga mzuri wa paleti ni fundi seremala, wa Keko au wa mtaani kwako, mwenye pua na macho. Mpe nauli, mpe na soda. Yeye atainama anuse: mbao safi inanukia mbao, au hainukii kitu. Ikinuka mafuta, dawa, samaki au uvundo, posa imevunjika. Atatazama madoa. Doa la kijani, la bluu iliyokolea au la mafuta lililozama ndani ya nyuzi halitoki kwa msasa. Utakwangua mpaka ubaki na unyoya na doa liko pale pale. Atagonga mbao kwa kifundo cha kidole asikie kama inalia au inanong'ona, kwa sababu iliyooza hailii, inameza sauti. Na atatazama rangi. Paleti iliyopakwa rangi ya buluu au nyekundu kote mara nyingi ni mali ya kampuni ya kukodisha paleti, nayo haiuzwi wala haitupwi, hata ukiikuta imelala peke yake barabarani kama yatima. Ina wenyewe. Ukiichukua umeoa mke wa mtu.

Hata ile isiyo na rangi, iliyowekwa nje ya lango la ghala, usiibebe gizani. Ingia, msalimie msimamizi, omba au nunua, na uondoke na kipande cha karatasi. Mahari ikilipwa mbele ya mashahidi, hakuna atakayekufuata barabarani na bodaboda.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyana. Utasikia kwamba paleti ni mapambo ya bure. Chukua ukuta wa mita 3 kwa mita 2.7. Hiyo ni mita za mraba 8.1. Paleti ya Ulaya, ile ya sentimita 120 kwa 80 ambayo mashirika ya reli ya huko yalikubaliana juu yake mwaka 1961, ina mbao 11, magogo 9 na misumari 78. Mbao za juu, ambazo ndizo nzuri, ni 5, na ukizipanga zote chini zinafunika mita ya mraba 0.76. Toa zitakazopasuka, toa ncha zenye matundu ya misumari, utabaki na kama nusu mita ya mraba. Unahitaji paleti 16 kwa ukuta mmoja. Zile nne ulizotaka kuvuka barabara kuzichukua zitakufikisha juu kidogo ya goti. Na paleti 16 zina misumari 1,248. Kila mmoja unakusubiri kwa jina lako.

Kuhusu misumari hiyo. Haikupigwa na mtu aliyetegemea kwamba siku moja utakuja na nyundo. Mingi ina mikunjo au pete mwilini ili ishikilie mzigo wa tani ikitikiswa na meli, kwa hiyo ukiweka mtaimbo chini ya mbao na kuivuta kwa nguvu zako zote, mbao inapasuka kabla msumari haujasogea. Nimemwona kijana mwenye mabega ya kuzolea zege akipoteza mbao sita mfululizo, jasho linamtiririka, hasira zimempanda, na mke wake amesimama mlangoni akihesabu kwa sauti. Kuna njia mbili za ustaarabu. Ya kwanza ni ya polepole: laza paleti kifudifudi, ingiza kipande cha mbao ngumu karibu na mguu, gonga kutoka chini kidogo upande huu, kidogo upande ule, uiinue mbao sawasawa kama unavyomwinua mgonjwa kitandani. Ya pili ni kupitisha msumeno wa chuma katikati ya mbao na mguu wake na kukata shingo ya msumari. Kichwa kinabaki mbaoni, cheusi, na ukutani kinapendeza. Mwenye msumeno wa umeme wa kisu kirefu atamaliza kwa siku ambayo mwenzake angemaliza kwa juma. Na asiyetaka yote mawili akate mbao kwa mstari ulionyooka pembeni tu ya miguu, apoteze sentimita chache kila upande, abaki na vipande vifupi visivyo na msumari hata mmoja. Hakuna aibu katika hilo. Vaa glavu ngumu na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili na misumari ya paleti ni njia ya mkato kuelekea sindano ya pepopunda.

Mashemeji wanarudi hapa. Mhuri wa HT unakuambia kwamba wadudu waliokuwamo walikufa siku ile ya joto. Haukuambii chochote kuhusu waliohamia baadaye, na joto haliachi kinga yoyote nyuma. Paleti iliyokaa miezi sita kwenye uwanja wa udongo imeshafahamiana na mchwa. Iliyokaa kwenye ghala la nafaka au la mitumba inaweza kuwa imebeba mende na kunguni kwenye nyufa zake, na kunguni akishapata ukuta wenye mianya elfu moja mita mbili kutoka kitandani, amepata ghorofa. Gonga kila mbao juu ya karatasi nyeupe. Ukidondoka unga laini kama wa ngano, bungua yumo na anakula. Hiyo choma, au mpe mwenye tanuri.

Zilizosalia zipakwe dawa, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko mahali pengine pote. Usipake oili chafu. Najua fundi atakuambia. Najua baba yako alipaka kwenye kenchi na mchwa hawakugusa. Kenchi zipo juu ya dari, kwenye hewa, na hakuna anayezilamba. Ukuta wa sebule uko usawa wa pua ya mtoto. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi na vipande vya metali, haikauki, inachafua nguo, inaufanya ukuta uwe chakula cha moto, na harufu yake haikuachi. Pia hakuna vanishi itakayoshika juu yake. Tumia boraksi iliyoyeyushwa katika maji ya moto, pakaa pande zote za mbao kabla ya kitu kingine chochote, acha ikauke. Ikinyeshewa huyeyuka ikaondoka, lakini ndani ya nyumba inakaa humo humo, na bungua akionja hali mara ya pili. Vaa glavu, na weka ndoo mbali na watoto na kuku.

Kisha mwali awekwe ndani. Wazee walijua walichokuwa wakifanya: mwali hatolewi siku ile ile. Mbao iliyotoka juani au mvuani ina unyevu wake, na chumba chako kina wake, hasa hapa Pwani ambako hata chumvi mezani inalia. Ukiipiga mara moja itajikunja ikiwa tayari ukutani, na mbao ikijikunja inang'oa msumari taratibu, usiku, kwa mlio unaomfanya mtu aamke akidhani kuna mwizi. Ipange ndani ya chumba kile kile itakakoishi, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, na uiache wiki mbili. Wiki mbili kamili. Najua umeshamwambia shemeji yako aje Jumapili. Aje anywe chai, akiangalia rundo.

Wiki hizo usikae bure. Upose na ukuta. Watu wanamchunguza bibi harusi mpaka kucha, halafu wanasahau kwamba bwana harusi naye anaweza kuwa mgonjwa. Kuta nyingi za tofali za saruji mjini zimejengwa bila kuwekewa nailoni kwenye msingi, kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, na ndiyo yanayokuletea zile ramani za chumvi na rangi inayobanduka usawa wa goti. Kata kipande cha nailoni cha nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta unatoa jasho. Kuufunika kwa mbao ni kuficha jipu kwa kanzu. Tibu unyevu kwanza, na kama hautibiki, chagua ukuta mwingine.

Kwa wenye nyumba za mawe, wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wa Lamu, wa Mji wa Kale Mombasa, neno langu ni fupi: msipige. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua. Unanyonya unyevu wa masika na kuutoa kiangazi, na ukiuziba kwa mbao na vanishi unauvimbisha mpaka plasta inaanguka vipande. Huko pia ukarabati unahitaji kibali, na ni haki kabisa. Tena, kwa nini mtake? Wahenga wenu walishalimaliza swali la kupamba ukuta. Walichonga zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa, wakaweka humo sahani na misahafu, na mbao wakaziwekea kazi mbili zilizozistahili: boriti za kubeba dari na milango ya kuwatisha wageni. Upana wa vyumba vile vyembamba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mtu aliyerithi hayo halafu akaomba paleti ya vigae iliyotoka bandarini amfunikie zidaka, anahitaji kukalishwa chini na shangazi zake.

Bafuni, hapana. Nyuma ya jiko, hapana kabisa. Mbao nyembamba iliyokauka, yenye nafasi ya hewa nyuma yake, inawaka haraka, na nafasi ile inakuwa bomba la kupandishia moto hadi darini. Jiko la gesi lipewe kigae.

Siku ya singo imefika. Bibi harusi anasingwa kwa liwa. Paleti inasingwa kwa msasa. Anza na namba 80, malizia na 120, ukifuata njia ya nyuzi, na uishie pale ambapo kiganja kinapita bila kuchomwa na kijiti. Usiendelee. Ukisugua mpaka mbao iwe nyeupe na laini kama yai, umefuta miaka yake yote, na ungeweza kununua mbao mpya Buguruni ukajiokolea mgongo. Acha ukijivu, acha alama za msumeno, acha kovu la foklifti. Kazi hii ifanyike nje, barakoa ikiwa usoni. Vumbi la mbao liko katika orodha ya vitu ambavyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linavihesabu kuwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na leso uliyojifunga mdomoni kama jambazi wa sinema hailizuii.

Sasa ndoa. Zima umeme kwenye swichi kuu. Kama soketi zipo kwenye ukuta huo, mwite fundi umeme azivute mbele zilingane na uso mpya wa mbao. Soketi iliyozama ndani ya shimo la mbao kavu ni kiberiti kilichopachikwa. Funga papi, zile mbao nyembamba za inchi 2 kwa 1, zikisimama wima, kila moja ikiwa sentimita 40 au 50 kutoka kwa mwenzake, kwa skrubu na plagi zilizozama kwenye tofali lenyewe. Plasta peke yake haitoshi. Paini kavu ya unene wa milimita 22 ina uzito wa kilo 11 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ukuta wetu wa mfano una karibu kilo 90. Huyo ni mtu mzima mwenye kitambi anayening'inia ukutani kwako mchana na usiku, na watu wanataka kumshikiza kwa gundi.

Mstari wa kwanza uchore kwa pima maji. Usiifuate sakafu, maana sakafu zetu zina mteremko wake, na kosa la chini litakufuata mpaka juu. Anzia sentimita 3 kutoka chini, kwa sababu kesho asubuhi mtu atapiga deki, na mbao inayogusa maji ya deki kila siku inaoza kwa uhakika kuliko mbao ya mtumbwi. Acha upenyo mdogo na juu pia, hewa izunguke. Panga vipande kama mtu anavyopanga tofali, kiungo kisikae juu ya kiungo, na kila ncha ilale juu ya papi. Kati ya mbao na mbao acha nafasi ya noti iliyokunjwa mara kadhaa, ili masika yakija mbao zipate pa kunenepea.

Na kabla hujapiga msumari wa kwanza, zitandaze zote sakafuni. Zizungushe, changanya nyeusi na nyeupe, pana na nyembamba, mhuri hapa, kovu pale. Waite wa nyumbani. Kila mtu atakuwa na maoni, na mwenye maoni mazuri kuliko wote huwa ni yule mdogo asiyejua kusoma. Sehemu hii ndiyo tamu ya kazi nzima. Usiifanye usiku wa manane ukiwa na haraka.

Mwishoni pakaa vanishi ya maji isiyong'aa, mara mbili. Wanaopenda mafuta ya kitani wayatumie, ila vitambaa walivyopakia wavitandaze nje mpaka vikauke au wavitie kwenye ndoo ya maji, kwa kuwa vikifinyangwa na kutupwa kwenye kona vinapata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti.

Ukuta mmoja unatosha. Ukifunika minne, umejifungia ndani ya kreti.

Mpwa wangu sasa ana ukuta mwingine wa paleti, kwenye chumba kile kile cha Tabata. Zote ni za HT, na kila moja tuliulizia. Umepitia masika mengi bila harufu. Usawa wa macho yake tuliacha kipande kimoja chenye suke la ngano, naye huwaonyesha wenzake na kuwasomea herufi moja moja. Nawe ukifika ghalani, kabla hujataja bei, igeuze paleti uangalie mguu wake, halafu mwulize mlinzi ilibeba nini. Kama mhuri haupo na mlinzi hajui, iache hapo hapo ulipoikuta.